Kanuni ya Kubana Mafaili Isiwe Siri

Wanafunzi wengi, na hata baadhi yetu tunaowafundisha, hudhani kwamba kubana faili la kompyuta ni kupunguza ukubwa wake tu. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili, nayo ndiyo yenye uzito zaidi, ni mapatano: abanaye na afunguaye sharti wafuate kanuni moja, hata kama kompyuta zao ni za mifumo mbalimbali.

Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walitangaza njia ya kubana habari pasipo kupoteza hata herufi moja. Tuchukue waraka unaorudia mara nyingi maneno "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Mara ya kwanza maneno hayo huandikwa kwa ukamilifu. Baadaye huwekwa agizo fupi tu: rudi nyuma hatua kadhaa, kisha nakili alama 31, nafasi zikiwamo. Asiyeijua kanuni hiyo hataambulia kitu.

Faili likivuka mipaka ya mifumo, mambo huzidi kuwa magumu. Katika mfumo wa Unix, mwisho wa mstari wa maandishi huonyeshwa kwa namba 10. Katika Windows, kwa namba 13 ikifuatwa na 10. Programu ya kusafirisha mafaili hutakiwa kurekebisha tofauti hiyo katika maandishi ya kawaida. Lakini ikifanya vivyo hivyo kwa faili lililobanwa, ambamo namba hizo zina maana nyingine kabisa, italiharibu.

Je, kanuni yenyewe ikiwa mali ya mtu? Mwaka 1984 Terry Welch alitangaza njia iliyotokana na kazi ya Ziv na Lempel, na mwaka 1987 ikatumiwa katika picha za GIF, ambazo zilienea upesi. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys, iliyokuwa na hataza ya njia hiyo, ilitaka watengenezaji wa programu walipie ada. Wataalamu waliokataa kufungwa mikono walibuni picha za PNG, zilizotangazwa mwaka 1996, zikitumia kanuni ambayo maelezo yake yako wazi kwa wote. Hataza ya Marekani ilikwisha mwaka 2003.

Mvumbuzi astahili ujira, hilo silipingi. Hata hivyo, shule inayohifadhi alama na kumbukumbu zake kwa kanuni ya siri imemkabidhi mwingine ufunguo wa ghala lake.

Kwa hiyo walimu wenzangu, hatuna budi kufundisha kanuni hizi, si kubonyeza vitufe tu. Kalamu na karatasi zatosha: mwanafunzi mmoja abane aya, mwenziwe aifungue. Wakishindwa kuelewana, watakuwa wamekwisha kutambua kwa nini kanuni yapasa kuandikwa wazi.