Mali Bila Daftari

 

Mama zetu, dada zetu na wasomaji wetu wa kila wiki, leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona halina mahali katika safu ya shekhe. Nalo ni ruzuku ndogo ndogo ambazo serikali za kaunti, na wafadhili wanaoshirikiana nazo, hutenga kwa ajili ya vikundi vya mitaani vyenye nia ya kupunguza taka na kutunza mazingira. Twalizungumza kwa sababu tulipata kuulizwa juu yake tukajibu kwa pupa, na jawabu letu likawagharimu watu wasiokuwa na kosa. Aliyejibu mbele za watu akakosea, hana budi kurudi mbele ya watu hao hao.

Mwaka juzi, wiki chache kabla ya Ramadhani, walitujia akina mama watano baada ya darsa ya alasiri. Ni wenye kikundi cha upatu, jumla yao kumi na wanane. Walikuwa wameona tangazo limebandikwa kuwa vikundi vilivyosajiliwa vyaweza kuomba ruzuku ya kupunguza taka. Mkubwa wao alikuwa na karatasi mkononi. Akasema, “Maalim, twataka kuomba pesa hizi tununue masinia.”

Tulicheka kidogo, Mwenyezi Mungu atusamehe. Masinia na taka vina uhusiano gani? Akatueleza kwa upole, kama mtu amfunzaye mtoto hesabu. Walima wa watu mia tatu siku hizi huandaliwa kwa sahani za kutupa. Kila mgeni hupewa sahani moja, kikombe kimoja cha kutupa na chupa moja ya maji. Hivyo ni vitu mia tisa kwa mchana mmoja, na vijiko hatukuvitia hesabuni kwa kuwa wengi wetu tungali twala kwa mkono. Ongeza maulidi, khitma, futari za msikitini na matanga, kisha uzidishe kwa mitaa yote. Rai yao ilikuwa kikundi kiwe na masinia, vikombe vya stili, majagi na madumu ya maji yenye bomba. Kiviazimishe kwa kila mwenye shughuli kwa ada ndogo ya kuoshea, na maskini asitozwe kitu. Makombo na maganda yatengwe, yafanywe mboji.

Sisi hatukuuliza juu ya masinia tena. Tuliuliza, “Pesa hizi za serikali, mwisho wake hazitadaiwa na nyongeza?” Mmoja akasema ameambiwa hazirudishwi. Tukamjibu kuwa penye shaka ni heri kujiepusha. Ile karatasi ilikuwa pale pale, umbali wa mkono mmoja, nasi hatukuiomba tuisome. Wakatuheshimu, wakaikunja, wakaenda zao. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ikapita.

Ukaingia Mfungo Mosi, mwezi wa harusi, na masika yakaingia pamoja nao. Katika wiki moja mtaani petu palikuwa na harusi mbili. Usiku wa pili mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Mtaro ulikuwa umejaa sahani na chupa, maji yakakosa njia, yakaingia katika chumba cha mjane mmoja apikaye mahamri ya kuuza. Gunia lake la unga likarowa lote, na madaftari ya shule ya wajukuu wake yakaelea. Mjane huyo alikuwa mmoja wa wale watano. Tulipokwenda kumpa pole alisema, “Ni kadari ya Mungu, Maalim.” Ndiyo, ni kadari. Lakini tulijua pia kuwa harusi zote mbili tulialikwa, na kuwa miongoni mwa sahani zilizoziba mtaro ule huenda ikawamo ile tuliyopakuliwa wali sisi wenyewe.

Hatusemi kwamba masinia yangeizuia mvua, wala kwamba pesa zingewahi kufika kabla ya harusi zile. Twasema kwamba wanawake wale waliliona tatizo kabla yetu, wakalitafutia dawa kabla yetu, nasi tukawafungia mlango kwa neno tusilolichunguza.

Siku ile tuliomba ile karatasi, tukaisoma kwa utulivu tangu mwanzo hadi mwisho. Basi na tuyaweke wazi tuliyopaswa kuyasema mapema.

Ruzuku si mkopo. Mkopo hurudishwa, na ukishurutishwa urudi na ziada, hapo ndipo penye riba, na hukumu yake yajulikana. Ruzuku hairudishwi. Hutolewa ili ifanye kazi maalumu, na anayeipokea hutoa hesabu ya kazi hiyo. Kwa hiyo, mama zetu, mnapoona tangazo lolote la pesa za vikundi, swali la kwanza liwe: je, hizi zarudishwa? Zikiwa zarudishwa, ulizeni kwa masharti gani, na kama kuna ada au nyongeza, kisha mpelekeeni mwanachuoni karatasi yenyewe, si maneno ya kusikia. Naye mwanachuoni asijibu kabla ya kuisoma.

Wala pesa hizi si sadaka ya mwanasiasa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo imetaka taka zitengwe pale pale zinapotoka, zinazooza mbali na zisizooza. Kikundi kinachopunguza taka kabla hazijafika mtaroni kinaipunguzia kaunti mzigo wake. Basi mwende mkaombe kwa adabu, lakini msiende kama waombaji wa mlangoni. Na mtu yeyote akiwaambia kuwa fomu haisogei bila chai, ondokeni. Mtume wetu (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake, na hakuna masinia yenye baraka yanayonunuliwa kwa mlango huo.

Lakini kama pesa hizi si riba, basi ni amana, na amana ni nzito kuliko deni. Deni lina mwenyewe mmoja. Mali ya umma wenyewe ni mtaa mzima, na siku ya hesabu utawakuta wote. Kumbukeni kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume akapanda mimbari akamkemea, akauliza kama zawadi hiyo ingemfikia lau angalikaa nyumbani kwa babake au mamake. Mwekahazina wa kikundi akipewa na mwenye duka “kitu kidogo” kwa kununua masinia kwake, ajiulize swali hilo hilo. Kitu hicho ni bei iliyopaswa kupunguzwa, na punguzo ni haki ya kikundi.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, si ya vita wala ya visa vya kale; yahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na kuweka mashahidi. Ikiwa Mola wetu amelipa jambo la kuandika aya ndefu kiasi hicho, vipi kikundi cha watu kumi na wanane kitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja? Si kwamba twamdhania vibaya. Daftari humlinda mwaminifu zaidi kuliko linavyomkamata mwizi, kwani mwizi hupata njia, lakini mwaminifu asiye na risiti hana la kusema anaposingiziwa. Tumeona vikundi vingi vikivunjika, na si kwa wizi; vimevunjika kwa shaka, na mashoga wa miaka ishirini wakawa hawasalimiani.

Mwaka jana tangazo lilitoka tena. Safari hii tulikaa na wale akina mama jioni tatu. Fomu zilikuwa na maneno mengi, lakini tulipoyachuja yalibaki maswali manne: tatizo lenu ni lipi, mtafanya nini, itagharimu kiasi gani, na mtajuaje kuwa mmefaulu. Swali la nne ndilo lililotukwamisha sisi wasomi. Mjane wetu akalijibu kwa neno moja: “Magunia.” Watahesabu magunia ya taka yanayotoka katika shughuli ya sahani za kutupa, kisha wahesabu yanayotoka katika shughuli ya masinia. Ikaandikwa hivyo hivyo. Palipoulizwa mchango wa kikundi wenyewe, waliandika kazi yao ya kuosha, na chumba cha kuwekea vyombo kilichotolewa na mmoja wao.

Walipewa, alhamdulillahi, ingawa chini ya walichoomba. Madumu wakayaacha, wakaanza na masinia, vikombe na majagi. Wana daftari mbili: moja ya pesa, yenye risiti zote zilizobandikwa, na moja ya vyombo, inayoonyesha nani kaazima, vingapi vimetoka na vingapi vimerudi. Saini ni tatu. Kila mwezi mosi daftari husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote, hata pasipo jipya. Vikombe vinne vimepotea hadi leo, navyo vimeandikwa. Katika harusi ya kwanza ya sahani za kutupa waliyoipima walihesabu magunia kumi na moja. Katika ya kwanza ya masinia, manne, na mengi ya hayo yalikuwa makombo yaliyokwenda kwenye mboji.

Tulipowapongeza, bibi mmoja mkongwe alitutazama akasema, “Haya si mapya, mwanangu. Zamani kila mtaa ulikuwa na vyombo vyake, msikitini mlikuwa na masufuria ya wakfu, na hakuna aliyenunua sahani ya kutupa.” Ni kweli. Tulichokiita mradi ni mila yetu wenyewe tuliyoitupa pamoja na sahani. Ruzuku imetununulia tena kile ambacho babu zetu walikitoa wakfu kwa mikono yao.

Basi tuna maombi matatu. Kwa akina mama: vikundi mnavyo tayari. Visajilini katika ofisi ya maendeleo ya jamii, wekeni katiba na kumbukumbu za mikutano, ili tangazo likitoka lisiwakute mkitafuta karatasi. Kwa akina baba: mnapoandaa walima, azimeni masinia, na vijana wenu wawasaidie kuyaosha, kuosha sinia hakumpunguzii mwanamume heshima yake. Na kwa wenzetu wenye darsa na mimbari: tulifundishwa kuwa kuondoa cha kuudhi njiani ni tawi la imani. Wanapokuja wenye kutaka kuondoa, tusiwe sisi cha kuudhi kilicholala njiani mwao.

Mjane wetu amerudi katika mahamri yake. Tulitaka kumlipa gunia la unga, akakataa. Alitaka jambo jingine: tuandike makala haya, tuseme tulikosea. Tumeandika.