Kofia ya babu: Twahara peke yake haitoshi



Siku chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti akiwa na mfuko mkononi. Ndani yake mlikuwa na kofia ya pama ya rangi ya kahawia, aliyoikuta katika sanduku la marehemu babu yake. Babu alikuwa baharia, na kwa hesabu ya familia aliinunua Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kofia imebonyea upande mmoja, ukingo wake umejikunja, na utepe wa ngozi wa ndani umekuwa mweusi kwa jasho la miaka mingi.

Kijana alitaka kuifufua aivae siku ya Idi. Alikwisha kuelekezwa namna ya kufanya: abandike sufuria ya maji jikoni, aishike kofia juu ya mvuke mpaka ilainike, aibonyeze kwa vidole mpaka umbo lirudi, kisha aipige brashi kuondoa vumbi. Swali aliloniletea lilikuwa moja tu. Aliniuliza haya manyoya ni ya mnyama gani, na je, akiifua itakuwa twahara?

Nilimwambia swali la twahara alipeleke kwa masheikh, maana wao ndio wenye elimu hiyo. Lakini nikamwomba asibandike sufuria kwanza. Ndugu msomaji, sisi Waislamu tumelelewa kuuliza juu ya najisi, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba wengi tukishapata jibu la twahara tunadhani kazi imekwisha. Kitu kinaweza kuwa twahara na bado kikawa sumu. Maji yakiondoa najisi hayalazimiki kuondoa sumu, na mvuke wa moto ndio unaoweza kuitoa sumu hiyo ndani ya kofia na kuiingiza katika kifua chako.

KOFIA HIZI ZILITENGENEZWAJE?

Kitambaa cha kofia kama ile hakifumwi. Ni manyoya yaliyoshindiliwa kwa maji ya moto mpaka yakashikamana, na mafundi hukiita felti. Sufi ya kondoo hushikamana kwa urahisi, kwa kuwa kila unywele wake una magamba madogo yanayonasana. Ukiitia maji ya moto na sabuni na kuisugua, inajifunga yenyewe. Lakini kofia za bei kubwa za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa manyoya ya sungura na ya mnyama wa mtoni aitwaye biva. Manyoya haya ni laini na yanateleza, hayashikamani vizuri mpaka yatiwe dawa.

Dawa iliyotumika kwa zaidi ya miaka mia mbili ilikuwa zebaki iliyoyeyushwa katika tindikali. Ngozi ya sungura ilipakwa dawa hiyo kwa brashi, manyoya yakakauka na ncha zake zikageuka rangi ya machungwa. Mafundi wa Kiingereza waliipa kazi hiyo jina la karoti kwa sababu ya rangi ile. Kisha manyoya yalinyolewa, yakapepetwa, yakatengenezwa kama pia kubwa, yakachemshwa ili yasinyae, na mwisho yakabanwa juu ya kinyago cha mbao kwa mvuke. Katika hatua hizo zote zebaki ilikuwa ikipaa hewani, na vumbi la manyoya yenye zebaki likitua kila mahali.

Zebaki hii ndiyo ile tunayoijua katika vipimajoto vya zamani vya hospitali, ndiyo wanayotumia wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu, na ndiyo inayokutwa katika baadhi ya krimu za kujichubua. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, hupita katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito unavuka mpaka kwa mtoto aliye tumboni.

FUNDI ALIYETETEMEKA

Waliolipa gharama ya kofia hizo ni mafundi. Mji wa Danbury, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ulijulikana duniani kwa kofia. Huko huko ulijulikana pia kwa mtetemeko. Mikono ya mafundi ilianza kutetemeka, baadaye midomo na miguu. Mate yaliwatoka kwa wingi, fizi zikavimba, meno yakalegea. Usingizi ulipotea, kumbukumbu ikapungua, na mtu aliyekuwa mchangamfu akawa na haya zisizo na sababu au hasira za ghafla. Wapo waliodhaniwa kuwa ni walevi kwa jinsi walivyoyumba na kushindwa hata kushika kikombe. Waingereza nao wana msemo wa kumfananisha mwendawazimu na fundi kofia.

Je, haikujulikana? Ilijulikana. Mwaka 1860 daktari mmoja wa New Jersey, J. Addison Freeman, aliandika waziwazi kwamba mafundi kofia wanaugua kwa sababu ya zebaki. Lakini matumizi yake katika kofia za felti nchini Marekani yalikomeshwa Desemba 1941, baada ya wataalamu wa afya wa serikali kuwachunguza wafanyakazi viwandani, na wakati ambao zebaki ilihitajika jeshini kutengenezea fataki za kulipulia risasi na mabomu. Hesabu mwenyewe, ni miaka 81 tangu daktari yule aandike. Kiwanda cha mwisho cha kofia Danbury kilifungwa mwaka 1987, na bado zebaki imo katika tope la Mto Still unaopita mjini hapo. Sumu hii haiozi.

Kwa hiyo usidhani kwamba kofia ikikaa sandukuni miaka 80 sumu yake imekwisha. Wahifadhi wa makumbusho wamezipima kofia kongwe za manyoya kwa mashine za eksirei na kukuta zebaki ingali ndani ya nyuzi.

MVAAJI SI FUNDI

Najua lipo jibu linalotolewa haraka. Wapo watakaosema, "Mbona babu aliivaa miaka yote na akafa mzee?" Ni hoja nzuri, na tusiikimbie. Ni kweli kwamba waliougua sana walikuwa mafundi waliovuta mvuke kila siku katika vyumba vilivyofungwa, si waliovaa. Kofia iliyotulia juu ya kichwa, nje, penye upepo, haitoi zebaki kama inayofukizwa. Sisemi kila mwenye kofia ya babu ni mgonjwa, wala simtishi mtu.

Lakini angalia kijana yule alichotaka kufanya. Babu yake alikuwa mvaaji. Yeye, kwa kuibandikia sufuria, anataka kuwa fundi. Anarudia hatua zile zile zilizowaumiza watu wa Danbury: mvuke, kubonyeza kwa mikono mitupu, na brashi inayotimua vumbi. Tena si kiwandani, bali jikoni kwa mama yake, palipo na chakula, na mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Fundi alipata ujira kwa hatari ile. Huyu atapata nini? Umbo la kofia kwa siku moja ya Idi.

Wala si kila kofia kuukuu ya felti ina hukumu moja. Tarbushi nyekundu walizovaa wazee wetu wa pwani kwa kawaida ni za sufi ya kondoo, na sufi haikuhitaji zebaki ili ishikamane. Kofia zetu za mkono, zilizodariziwa kwa uzi juu ya kitambaa cha pamba, hazimo kabisa katika habari hii. Tunayoizungumzia ni pama ya manyoya, nyepesi, laini kama mahameli, iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1940 au ambayo umri wake haujulikani, iwe ya urithi au imenunuliwa mtumbani. Kwa macho huwezi kujua kama ina zebaki, maana ile rangi ya karoti imefunikwa na rangi ya kofia. Pasipo kipimo, ichukulie kuwa inayo.

UFANYE NINI?

Kwanza, usiifukize kwa mvuke, usiipige pasi, wala usiichemshe. Usiipige brashi kavu ndani ya nyumba. Na usiisafishe kwa petroli kama wafanyavyo baadhi ya watu kuondoa madoa, maana hapo umeongeza hatari ya moto juu ya hatari ya sumu.

Pili, kama ni kumbukumbu unayoipenda, ihifadhi. Ifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uweke ndani ya boksi, uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba ina sumu, na uliweke mbali na chumba cha kulala, jiko na watoto. Ukiishika vaa glovu, kisha nawa mikono kwa sabuni. Kofia iliyobonyea inaweza kubaki imebonyea. Heshima ya babu haimo katika umbo la ukingo.

Tatu, usimvishe mtoto kwa mchezo, na mama mjamzito asishughulike nayo kabisa.

Nne, ukiamua kuiondoa, usiichome. Tunapenda kuchoma taka nyuma ya nyumba, lakini ukiichoma kofia hii zebaki yote inageuka mvuke kwa mara moja, na jirani anaivuta pamoja nawe. Waulize maofisa wa afya wa eneo lako namna ya kuitupa. Wala usimpe mwingine au kuiuza bila kumwambia kilichomo.

Tano, lichunguze na sanduku lenyewe. Wazee wengi walihifadhi vitu vya manyoya kwa vidonge vya nafthalini ili nondo wasile. Vidonge hivi si vya kuwekwa pamoja na nguo za mtoto mchanga. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, ambao ni wengi katika nchi zenye malaria, wakivuta harufu hiyo chembe nyekundu za damu yao zinaweza kupasuka, wakapata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo.

Na kama umekwisha kuifukiza kofia ya namna hii ukapata kikohozi, kubanwa kifua, ladha ya chuma mdomoni au mikono kutetemeka, nenda hospitali na umweleze daktari ulichofanya. Usimwache akisie.

Ndugu msomaji, dini yetu imetufundisha usafi na imetukataza kujidhuru sisi na kuwadhuru wenzetu. Haya mawili yanakwenda pamoja. Tunapochukua kitu cha zamani tuulize maswali mawili: je, ni twahara? Na je, ni salama? La kwanza muulize sheikh, la pili muulize mwenye elimu ya afya, na usitosheke na jibu moja.

Kijana yule alinielewa, Alhamdulillah. Ameifunga kofia ya babu na kuiweka. Siku ya Idi, Inshaallah, atavaa kofia ya mkono aliyoshonewa na dada yake. Kama na wewe unalo sanduku la wazee nyumbani, lifungue taratibu, dirisha likiwa wazi, na watoto wakiwa nje.

Wabillahi tawfiq.