Kuagana si Kuachana

Miongoni mwa kauli zinazorudiwarudiwa katika kumbi za mihadhara za vyuo vikuu vya Kenya ni ile isemayo kwamba Kiswahili hakina neno la kulikabili neno la Kiingereza "parting". Wenye kauli hiyo hueleza kuwa Mwingereza ana neno moja linalobeba kuaga, kuachana, kutengana, kufiwa, njia panda, na hata ule mstari unaobaki utosini nywele zinapochanwa huku na huku. Ilhali Mswahili hulazimika kutafuta neno jingine kwa kila hali. Maelezo hayo ni sahihi. Kinachopotosha ni hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwamba eti lugha ya kwanza ni tajiri na ya pili ni maskini. Mwenye kisu kimoja cha kukatia kila kitu hajawa tajiri kumshinda mwenye shoka, panga na wembe.

Historia ya neno lenyewe inafaa kutazamwa. Asili yake ni Kilatini, katika neno lenye maana ya sehemu au fungu, na kitenzi chake kilimaanisha kugawa. Kifaransa kilikirithi kitenzi hicho kwa maana hiyo hiyo ya kugawa, kisha polepole kikakigeuza kuwa cha kuondoka. Na hadi leo Mfaransa anayesema "partir" hagawi kitu, anashika njia. Kiingereza kilizichukua maana zote mbili bila ya kuzichuja. Kwa sababu hiyo kiapo cha ndoa katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilitumia "depart" kwa maana ya kutenganisha: kifo ndicho kitakachowatenga mume na mke. Baadaye neno hilo likazoeleka kwa maana ya kuondoka tu, kiapo kikaanza kusikika vibaya masikioni, na katika toleo la mwaka 1662 likabadilishwa likawa "do part". Wenye lugha wenyewe, basi, walitatizwa na neno lao. Si ajabu mfasiri wa Kiswahili akitatizika.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Kuaga ni tendo la adabu: mtu huomba ruhusa ya kuondoka, na mwenyeji humruhusu, aghalabu baada ya kumzuia kidogo. Anayeondoka bila ya kuaga amefanya kosa, japo hakuiba kitu. Kuagana ni kitenzi hicho hicho katika kauli ya kutendana, na kauli hiyo haiingii hapo kwa bahati. Hakuna awezaye kuagana peke yake. Jambo linalostahili kutafakariwa zaidi ni kwamba kuagana, katika matumizi ya tangu zamani, ni pia kufanya mapatano. Na hapo ndipo lilipotoka neno agano, ambalo wasomaji wa Biblia hukutana nalo katika majina ya sehemu zake mbili. Kwa Mswahili, watu wanaoachiana mikono mlangoni hawagawanyiki vipande viwili. Wanafungana kwa neno.

Mwenye shaka na autazame Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie wosia binti yake. Naye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Utenzi huo umefundishwa sana kama mafunzo ya mke kwa mume, na umekosolewa sana kwa sababu hiyo hiyo, ukosoaji ambao una haki yake. Lakini kabla ya yote ni maneno ya mama anayeaga. Anaaga kwa kuagiza, na wosia wenyewe ndio kuaga kwake. Mfasiri akitumia "parting" hapo, atapata huzuni ya mama na kuupoteza mkataba baina yake na mwanawe.

Liko pia neno buriani, ambalo magazeti yamelichosha. Asili ya matumizi yake ni kuombana radhi: anayekwenda Hija, anayeanza safari ndefu au aliye kitandani akingoja amri ya Mungu hutakana buriani na jamaa na majirani, yaani wasameheane waliyokoseana. Ni neno linalodai jibu. Siku hizi huwekwa juu ya picha ya marehemu kwa herufi kubwa, likielekezwa kwa mtu asiyeweza kusamehe wala kusamehewa na mhariri.

Vyombo vya habari vina makosa mengine ya namna hiyo. Husomwa kila wiki kwamba abiria fulani "aliaga dunia papo hapo" gari lilipopinduka. Kuaga dunia ni tasfida nzuri, na kwa mzee aliyewaita wanawe akawausia inafaa kabisa. Lakini aliyefariki papo hapo alimuaga nani, na kwa nafasi ipi? Alifariki, au alikufa, na hakuna aibu katika kusema hivyo. Kwa upande wa michezo mtu anaweza kuwa mpole zaidi. Harambee Stars walipotolewa katika hatua ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019, kusema kwamba "waliaga mashindano" kulikuwa ni kuwastahi, kwani walifukuzwa.

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba Kiswahili hakina utata wake. Kuachana ni kuvunja ndoa. Na kuachana ni kila mmoja kushika njia yake jioni baada ya mazungumzo. Waswahili hutofautisha maana hizo kwa muktadha bila ya taabu. Taabu huanza mahakamani. Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila ya malipo, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua kutengana kuwa jambo moja na kuvunjwa kwa ndoa kuwa jingine. Chukua mfano wa shahidi anayesema kwamba yeye na mumewe "waliachana saa tatu usiku pale stendi", na mkalimani akachagua neno la kwanza la Kiingereza linalomjia. Kumbukumbu itaandikwa kwamba wawili hao walitengana. Jaji wa rufaa atakayeisoma miaka mitatu baadaye, bila ya kumwona shahidi wala kuisikia sauti yake, hatakuwa na namna ya kujua kwamba mume alikuwa akipanda basi la kwenda kazini, na kwamba waliagana vizuri.