Redio ya Mjomba Ikipanda Ndege

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Auonaye kwa mbali huuona mwepesi. Lakini, msomaji mpenzi, kuna siku ambapo mzigo wa mwenzio huweza kugeuka jiwe shingoni mwako, nayo ni siku ya kusafiri ng'ambo.

Sisi wa Kisumu tunaijua siku hiyo. Kijana amepata nafasi ya chuo Uingereza, au kazi Doha. Matatu imekodishwa kutoka Ahero, imejaa mashangazi na wajomba, na uwanja wetu wa ndege pale kando ya ziwa unageuka kama uwanja wa harusi. Omena zimekaushwa na kufungwa vyema. Machozi yako karibu. Ndipo mjomba anapojitokeza na sanduku lililozungushiwa selotepu. "Mwanangu, hii ni redio tu. Kuna mtu atakuja kuichukua huko huko." Naam, kijana aliyelelewa vizuri atamkatalia vipi mjomba wake mbele ya ukoo mzima?

Kabla hujajibu, yakumbuke maswali ambayo msafiri huulizwa mara nyingi uwanjani: Mzigo huu ni wako? Uliufunga mwenyewe? Kuna mtu aliyekupa kitu umpelekee? Wengi hujibu haraka haraka, kama wanaosalimiana. Maswali hayo yana historia ya kutisha.

Tarehe 17 Aprili 1986, mwanamke mmoja mja mzito kutoka Ireland alifika uwanja wa Heathrow, London, akielekea Israel. Begi lake alikuwa amepewa na mchumba wake, Nezar Hindawi. Wakaguzi walipolipekua walikuta baruti imefichwa chini ya begi, na kikokotoo kidogo cha hesabu kilichotengenezwa kuilipua ndege ikiwa angani. Mwanamke yule hakujua lolote. Hindawi alihukumiwa kifungo cha miaka 45.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Desemba 1988, bahati haikuwapo. Bomu lililofichwa ndani ya redio kaseti, ndani ya sanduku, liliilipua ndege ya Pan Am juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti. Watu 270 walikufa, 11 kati yao wakiwa chini, majumbani mwao. Tangu hapo redio haikuwa tena redio tu machoni pa wakaguzi.

Wala si mabomu pekee. Machi 2025, mahakama nchini Vietnam ilimhukumu kifo Mkenya mmoja baada ya zaidi ya kilo mbili za kokeini kupatikana katika sanduku alilosafiri nalo. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakujua kilichofichwa ndani. Mbele ya sheria, mzigo ni wa aliyeubeba.

Sasa tuje kwenye vifaa vyako mwenyewe. Anayeondoka Kisumu kwa kawaida hupitia Nairobi. Atakaguliwa kwetu, akaguliwe tena Jomo Kenyatta, na huenda mara nyingine akibadilisha ndege Dubai au Doha. Laptopu na vifaa vikubwa viweke juu ya begi la mkononi, kwani katika viwanja vingi utaambiwa uvitoe vipite peke yake kwenye mashine ya eksirei. Vitie chaji pia. Mwezi Julai 2014 Marekani iliagiza kwamba katika baadhi ya viwanja vya ng'ambo, abiria wanaoelekea huko wawashe vifaa vyao, na kisichowaka kisipande ndege. Mkaguzi popote anaweza kukwambia uwashe chako.

Pawabenki na betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa katika mizigo inayowekwa tumboni mwa ndege. Betri hizo huweza kushika moto, na moto wa mle chini hauna mtu wa kuuona mapema. Zibebe mkononi. Kipimo ni wati-saa 100. Kutoka hapo hadi 160 ni lazima shirika la ndege likukubalie, na zaidi ya hapo haipandi. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 na volti 3.7 hutoa wati-saa 74, hiyo ni salama. Ya mAh 30,000 hutoa 111, nayo itakuletea maneno. Na mashirika mengine yana masharti yao: tangu Oktoba 1, 2025, Emirates humruhusu abiria pawabenki moja tu, tena bila kuitumia ndani ya ndege.

Mama naye asisahau jambo hili: pasi na blenda za kwetu ni za volti 240. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, na hata plagi ni tofauti. Pasi iliyolipiwa uzito wa mzigo hadi Chicago itabaki vuguvugu, isimnyooshee mtoto hata leso. Chaja ya laptopu iliyoandikwa 100–240 haina shida. Hiyo itahitaji adapta ya plagi tu.

Turudi kwa mjomba. Usimkatalie uwanjani, hapo umechelewa, na utamwaibisha. Wiki moja kabla ya safari, wazazi watangaze nyumbani kwamba kila kitu cha kubebwa kiletwe kikiwa wazi. Redio ifunguliwe, betri zitolewe, iwashwe, na msafiri aifunge kwa mkono wake mwenyewe. Tena ajulikane mpokeaji kwa jina na kwa sura. Anayekuwa mkali kwa sababu ya kufunguliwa sanduku, huyo amekwisha kukujibu. Mjomba mwema atacheka, alete bisibisi.

Na ikiwa ni zawadi tu, mwambie kwa adabu: "Mjomba, tuma fedha, binamu akajinunulie huko huko." Fedha hazina tumbo la kuficha kitu, na mtoto wa dada yako atafika salama.