Kazi ni ile ile

Tufikirie mama mzee na kijana wa Kabondo, kila mmoja akipandisha gunia la mchele la kilo 25 hadi ghala iliyo meta 4 juu. Kijana atumia sekunde 10, mama 20. Nani amelifanyia gunia kazi kubwa zaidi?

Hakuna! Kazi ni uzito mara kimo. Kilo moja ni kama nyutoni 10. Basi kila gunia limepata jouli 1,000. Kilichotofautiana ni uwezo, yaani kazi kwa kila sekunde: kijana wati 100, mama wati 50.

Ndivyo yalivyo maji ya mto Tshopo, ambao bwawa lake la umeme lilijengwa katika miaka ya 1950. Kilo 1,000 za maji, zikianguka meta 10 kila sekunde, hutoa kilowati 100 kabla ya upotevu.

Basi, alipaye kwa gunia asimpunje mama. Na mlinzi asimamaye usiku kucha? Elimu hii yasema hakuinua kitu. Haisemi kwamba hakuchoka. Naye apewe haki yake.