Elimu ya Ugenini

Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Ndivyo wazee wanavyomwusia kijana anayefunga safari ya masomo katika nchi za mbali, na wengi huichukua methali hiyo kuwa amri ya kuiga. Sisi tuliojaliwa kutumwa Ulaya kuendelea na masomo baada ya seminari tumeona kwamba ina maana ya ndani zaidi: mgeni asiharakishe kuhukumu asichokielewa, bali aulize kwanza. Fundisho hilo si mali ya wasomi peke yao. Linawahusu waamini wa Naipingo, Nachingwea na Ruangwa ambao hawajavuka bahari, kwa kuwa suala la mgeni na mwenyeji limekwisha kubisha hodi milangoni petu.

Katika mji tuliosoma, majirani walipishana ngazini bila kusalimiana. Kwa mtu aliyelelewa Umwerani, ambako mtoto hathubutu kumpita mzee pasipo kumwamkia, ilikuwa rahisi kutamka kwamba hapo hapana utu. Lakini mgeni aliyekaa na kuuliza alielezwa kwamba kwa watu hao kumwacha mwenzako na ukimya wake ni namna ya kumheshimu. Watu hao hao wasiotoa salamu walitoa kodi ili mgonjwa wasiyemjua atibiwe. Hata hivyo, tuliona pia wazee waliofia vyumbani mwao pasipo jirani kujua, na kwa jambo hilo hakuna maelezo yaliyoturidhisha. Basi, kuelewa si kukubali kila kitu. Kuelewa ni haki ambayo mtu anastahili kutendewa kabla hujamkubali au kumkataa.

Kwa upande mwingine, sisi nasi tulikuwa kitendawili kwa wenyeji. Tuliulizwa iwapo kwetu watu hukaa ndani ya nyumba. Dukani macho yalitufuata kutoka kona moja hadi nyingine, tukatambua maana ya kudhaniwa mwizi pasipo kugusa kitu. Aliyetupunguzia mzigo huo hakuwa profesa. Alikuwa mzee mmoja wa parokia, aliyetukaribisha mezani kwake, akatuuliza jina la mama yetu na mazao tunayolima, kisha akanyamaza ili asikilize. Tangu siku ile hatukuwa tena kundi la Waafrika machoni pake, tulikuwa watu.

Katika nchi yetu mfano ulio bora wa elimu hiyo ni Mwalimu Julius Nyerere. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akahitimu shahada yake mwaka 1952, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba fikra zake za siasa zilipevuka huko. Alikuwa Mwafrika mmoja katikati ya wazungu wengi, wakati nchi yake ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Angeweza kurudi na chuki, au kurudi akiona haya kwa asili yake. Hakufanya hivyo. Alirudi akafundisha Pugu, akaongoza TANU tangu mwaka 1954, na mwezi Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia na baadhi ya wajumbe kutaka uwe wa Waafrika tu, alisimama kidete kuwapinga. Alishikilia kwamba uraia ni utii kwa nchi, wala haupimwi kwa rangi ya ngozi. Aliyewahi kuwa mgeni hakukubali watu wanyimwe haki kwa sababu tu wanaonekana wageni.

Hapa kwetu Nachingwea tunao pia mfano ulio kinyume. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu 3 kuchunguza kilimo kikubwa cha karanga Afrika Mashariki. Waliizunguka nchi kwa majuma machache tu, na mpango wa mamilioni ya ekari ukapitishwa kwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikafika hadi hapa. Wakulima walioyajua majira ya mvua na tabia ya udongo hawakuwa na kiti katika mashauri hayo. Huko Kongwa mvua zilikuwa haba na udongo ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Hapa kwetu kung'oa pori kulimeza fedha kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa na kung'olewa katika miaka ya 1960. Waliokuja walikuwa wasomi, lakini hawakukubali kuwa wanafunzi wa nchi waliyoingia.

Ndugu wasomaji, tusiyasimulie hayo ili kuwacheka Waingereza. Kati ya mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, na wengi wao wakaelekezwa katika mkoa wetu wa Lindi. Walifika na ng'ombe wao katika nchi ya mihogo, ufuta na mikorosho, ambayo haikuwa na desturi ya mifugo mingi. Tangu hapo mashamba yameliwa, watu wamepigana, na maneno mazito yanasemwa hadi katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu. Mama aliyeamka asubuhi akakuta jasho la mwaka mzima limekanyagwa hana haja ya kuhubiriwa ukarimu. Anadai haki, na anastahili kuipata. Lakini kumwita kila mwenye fimbo na ng'ombe kuwa mhalifu ni kumfuata kwa macho dukani kabla hajagusa kitu. Yeye naye ni raia, naye aliondolewa alikozoea.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kamati za Haki na Amani za parokia zisiandike taarifa juu ya wafugaji pasipo kuketi nao, wala zisiwahubirie amani wakulima pasipo kwenda shambani kuona hasara kwa macho. Pili, migogoro ifikishwe mapema katika baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inalitaka liwe na wajumbe 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yake ni kuwapatanisha wenye madai. Viongozi wa walei wafahamu wajumbe hao ni akina nani, na kama kweli wanakutana. Tatu, kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi, mkulima na mfugaji wote wawili waulizwe mapito ya mifugo na maji viwe wapi, ili mpango usiletwe kwao kama ulivyoletwa ule wa karanga.

Kitabu cha Kutoka kinawakataza Waisraeli kumwonea mgeni, na sababu kinayoitoa ni kwamba wao wenyewe waliwahi kuwa wageni huko Misri. Si lazima kila Mkristo asafiri ng'ambo ili aipate kumbukumbu hiyo. Wazee wetu nao walitufunza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hiyo kumharakisha mgeni aondoke. Sisi tunaisoma hivi: anayepewa jembe amepewa mahali pa kulima, na anayepewa mahali pa kulima ameonyeshwa pia mpaka wa jirani yake. Hayo mawili yaende pamoja, ndipo haki na amani zitakapokaa katika vijiji vyetu.