Taja Jina la Aliyekupamba

Nawaandikia kutoka Dodoma, ninakoshona magauni ya nikah, na neno langu ni moja: ukionyesha kazi ya mwenzako, taja jina lake.

Bi harusi mmoja hupita mikononi mwa wanawake wengi. Kuna aliyemchora piko, aliyemshonea gauni, aliyemfunga mtandio, aliyepamba ukumbi na aliyeoka keki. Wote hawa ni wasanii, hata kama hakuna anayewaita hivyo. Na sisi Waislamu tuna jambo letu: maharusi wengi hawataki sura zao ziwekwe mitandaoni, na hiyo ni haki yao. Kinachoonyeshwa ni mkono wenye piko, au gauni limetundikwa ukutani. Picha ya namna hiyo ikikosa jina, yeyote anaweza kudai kazi ni yake.

Mimi yamenikuta. Gauni nililolidarizi kwa mkono wiki tatu lilizunguka kwenye simu za watu bila jina langu. Waliouliza limeshonwa wapi walielekezwa kwenye duka la nguo za kuagiza. Kilichopotea pale si sifa tu, ni ada ya shule ya watoto.

Wapo wanaosema, "Nikimtaja mwenzangu atanichukulia wateja." Hebu tufikiri. Mteja wa piko bado anahitaji gauni, na mteja wa gauni bado anahitaji piko. Hata mafundi wa kazi moja wanafaana. Mfunguo Mosi harusi zikifululizana, mteja nisiyeweza kummalizia kwa wakati nampeleka kwa fundi mwenzangu, na kazi zikimzidi yeye huniletea wake. Hakuna aliyefunga cherehani kwa sababu hiyo.

Jambo hili si geni kwetu. Siti binti Saad wa Fumba alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda peke yake. Alikuwa na kina Maalim Shaaban, Mbaruk, Buda na Subeit. Jina la Siti ndilo lililovuma zaidi, lakini wenzake nao walirekodi nyimbo kwa sauti zao na kwa majina yao. Na huku kwetu, Chamwino, hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo lililoanzishwa na Dkt. Kedmon Mapana. Vikundi vya vijiji mbalimbali hupanda jukwaa moja, wakiwemo kina mama wapiga ngoma ya muheme, na kila kikundi hutambulishwa kwa jina lake. Anayekuja kusikiliza kikundi kimoja huondoka anavijua vingi.

Nawe bi harusi, una nafasi kubwa kuliko sisi sote. Rafiki akikuuliza nani kakushonea, mpe jina na namba, baada ya kumwomba fundi ruhusa. Ila usimwambie fundi, "Nipunguzie, nitakutangaza." Kumlipa ni haki yake, kumtangaza ni wema wako. Kimoja hakilipii kingine.

Dini yetu imefungamanisha kumshukuru Allah na kuwashukuru watu. Kwa fundi, shukrani hiyo huanzia kwenye jina lake chini ya picha.

Wabillahi tawfiq.